Michirizi Katika Rangi ya Mlango

Kazi ya kupaka rangi milango na madirisha huonekana nyepesi machoni pa mtu asiyeijua. Huona kopo la rangi, brashi na mbao, akadhani kwamba kilichobaki ni kupeleka mkono juu na chini. Kuta huvumilia makosa mengi, kwa kuwa ni pana na rangi yake aghalabu haing'ai. Lakini mlango, miimo yake, na fremu za madirisha hupakwa rangi ya mafuta yenye mng'aro, na mng'aro huo hutangaza kila kosa. Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni michirizi. Rangi huteremka ingali mbichi, ikafanya mistari minene kama machozi yaliyokaukia shavuni, na mwisho wa kila mstari pana tone linaloning'inia.

Mafundi wanaoijua kazi hawauchukii sana mchirizi wenyewe. Wanachokichukia ni haraka ya mtu atakaye kuuondoa wakati usiofaa. Maana mchirizi mmoja una nyakati tatu: wakati ungali mbichi, wakati umeanza kushika, na wakati umekauka kabisa. Kila wakati una dawa yake, na dawa ya wakati mmoja huharibu kazi katika wakati mwingine. Hayo yataeleweka vizuri kwa habari ya mlango mmoja wa Pangani, mji ulio pale mto uitwao kwa jina hilo hilo unapoingia baharini.

Mama mmoja mjane alikuwa na nyumba ya zamani karibu na mto. Mlango wake wa mbele ulikuwa wa vibao vinne, viwili virefu juu na viwili vifupi chini, kila kimoja kimezungukwa na ubao mwembamba wa nakshi. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, na arusi ilikuwa siku ya Ijumaa. Mama akamwita fundi wa rangi, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, akamwambia kwamba ataka mlango na madirisha mawili ya mbele yapakwe rangi ya buluu. Alikuwa amekwisha nunua makopo mawili ya rangi, wala hakuwa na fedha za kununua la tatu. Wakapatana ujira, na robo yake izuiwe mpaka kazi imalizike vema.

Fundi alikuwa na kijana wa kumsaidia, wa miaka 17, aliyekuwa akijifunza kazi. Siku ya Jumatatu wakasugua mbao kwa msasa na kuziba nyufa kwa puti. Jumanne wakapaka rangi ya kwanza. Jumatano, yapata saa tisa alasiri, wakaanza rangi ya pili. Walipomaliza madirisha, fundi akaitwa kwenda kutazama kazi nyingine ng'ambo ya mto. Kabla hajaondoka alimwambia kijana, "Paka vibao kwanza pamoja na nakshi zake, kisha mbao za kulala, kisha zile za kusimama. Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi. Na kila umalizapo sehemu, rudi uitazame kabla hujaenda mbali."

Kijana alitaka kazi iishe kabla fundi hajarudi, ili asifiwe. Akaona kwamba theluthi moja ya brashi yampeleka kwenye kopo mara nyingi mno. Akachovya mpaka mpinini. Rangi ikatoka kwa wingi, ikafunika vizuri sana, na mlango ukang'aa kama mto wakati wa asubuhi. Akafurahi, akaenda uani kunawa mikono na kunywa maji. Huko akawakuta wazee wawili wanacheza bao, akausimamia mchezo hata ukamalizika. Alipourudia mlango, nusu saa ilikuwa imepita.

Yafaa kueleza lililotokea katika nusu saa hiyo. Rangi iliyo juu ya ubao uliosimama huvutwa chini na uzito wake, kama kila kitu duniani. Kinachoizuia isiteremke ni unato wake, na kule kushikwa na ubao. Sehemu inayougusa ubao haiendi popote; iliyo juu ya hiyo huteleza kidogo; na iliyo juu kabisa, mbali na ubao, huteleza zaidi. Kwa hiyo rangi nyembamba ni kama yote imeshikwa, ila rangi nene uso wake u mbali na kishikio. Hesabu yake ni ya kustaajabisha. Kimiminiko kama mafuta au asali kikiwa na unene mara 2, uso wake huteremka kwa mwendo wa mara 4, na wingi wa kinachoteremka huwa mara 8. Basi mtu apakaye rangi maradufu hafanyi hatari kuwa maradufu, bali huifanya mara nane. Ni kweli kwamba rangi za viwandani huchanganywa kwa ustadi, ziwe nyepesi zinaposukumwa na brashi na nzito zikitulia, kwa hiyo hazifuati hesabu hiyo sawasawa. Lakini hapana kiwanda kilichoweza kuizuia rangi nene isivutwe chini.

Tena rangi haiteremki mara moja. Ikiisha kupakwa hukaa sawasawa kwa kitambo, na mpakaji huridhika. Kisha hujikusanya polepole mahali penye ziada: katika pembe za vibao, kwa sababu brashi hukamuliwa na ukingo, chini ya nakshi, kandokando ya bawaba, na katika kingo za mbao, mahali ambapo brashi iliyojaa, ikivutwa kupita ukingo, huacha rangi upande wa pili bila kuonekana. Aghalabu mchirizi hujidhihirisha baada ya dakika 5 hadi 10. Mtu aliyekwisha kwenda zake hauoni.

Kama kijana angalirudi katika dakika hizo, kazi yake ingalikuwa ndogo. Mchirizi ungali mbichi huondolewa kwa brashi tupu. Brashi hukamuliwa koponi, hufutwa kwa kitambaa mpaka iwe karibu kavu, kisha ncha yake hupitishwa kwa wepesi kutoka chini kwenda juu, ikiichukua ile ziada na kuitandaza mahali pengine. Katika pembe ya kibao hutosha kuligusa tone kwa ncha ya brashi, nalo hupanda lenyewe kati ya nywele. Jambo la kuangaliwa ni kwamba rangi ya maji, ambayo siku hizi hupakwa pia kwenye mbao, haitoi nafasi kubwa kama rangi ya mafuta. Hiyo hushika upesi, hasa penye jua na upepo, na baada ya dakika chache tu brashi huiharibu.

Kijana hakuijua tofauti hiyo. Alikuta michirizi mitatu katika vibao vya juu, miwili upande wa kushoto na mmoja wa kulia. Akashtuka, akatwaa brashi, akaipitisha juu ya ule wa kulia. Lakini rangi ilikuwa imekwisha anza kushika. Brashi haikuteleza, ilinata. Ikavuta utando wa juu, ikaacha mifuo kama ya jembe katika udongo ulioloa, na nywele mbili za brashi zikabaki ndani yake. Akaona haya. Akachovya tena, akakifunika kidonda kile kwa rangi mpya. Rangi mpya ikailowanisha iliyokuwa chini yake, na baada ya kitambo zote mbili zikateremka pamoja kama pazia, zikakoma juu ya ubao wa kati, zikafanya kigongo chenye upana wa kiganja cha mtu.

Fundi alirudi jua likitua. Akasimama mbele ya mlango bila kusema neno. Kisha akauliza, "Umeigusa mara ngapi?"

"Mara mbili, Fundi."

"Basi isiguswe mara ya tatu."

Hata hivyo alifanya jambo moja. Ukingo wa chini wa kigongo ulikuwa bado maji kabisa, maana hiyo ndiyo rangi iliyopakwa mwisho. Akatwaa brashi kavu, akaligusa kila tone na kuifuta brashi kwa kitambaa, akarudia hivyo mpaka matone yakaacha kuning'inia. Hayo mengine akayaacha kama yalivyo.

Kijana akasema, "Fundi, kwa nini tusifute yote kwa tapentaini, tukaanza upya? Kesho siku nzima ni yetu."

Mzee akajibu, "Kama rangi ya chini ingekuwa ya mwaka jana, ningekubali. Lakini ni ya jana. Tapentaini haichagui. Itafuta ya leo na kuilainisha ya jana, na mlango wote utakuwa uji."

Wengi hukosea hapa, kwa kuwa hawajui namna rangi ya mafuta inavyokauka. Nguo iliyoanikwa hutoa maji tu, basi imekauka. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo. Kwanza hutoa ile tapentaini au tina iliyomo, ambayo huruka hewani na kuleta harufu kali. Kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni iliyomo hewani, yakageuka kidogo kidogo kuwa kitu kigumu. Oksijeni huingia kwa juu. Rangi nyembamba huipata mpaka chini, na kwa muda wa siku moja hivi huweza kupakwa nyingine juu yake. Lakini mchirizi mnene hufanya utando mgumu juu, na utando huo huizuia hewa isifike ndani. Basi nje hushika na ndani hubaki majimaji, kama embe lililo ndani ya ganda lake. Huweza kukaa hivyo siku nyingi, hata majuma, hasa mahali penye unyevu mwingi kama mwambao. Ukiukwangua kabla haujaiva, utando hupasuka, majimaji hupakaa ovyo, na msasa huziba usikate tena. Ukipaka rangi nyingine juu yake, huzidi kuifungia hewa, na pengine uso wote hujikunja makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa.

Kwa hiyo dawa ya wakati wa pili ni kutofanya kitu. Katika dawa zote tatu hii ndiyo ngumu, maana macho huona kosa na mkono hutaka kulikimbilia.

Fundi akamwambia kijana, "Nenda ukamweleze mwenye nyumba."

"Mimi, Fundi?"

"Mkono ulikuwa wako. Nami nakuja nyuma yako."

Mama alikuwa jikoni na jamaa zake wakichambua mchele wa arusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kuutazama mlango kwa taa. Alipourudisha uso wake alikuwa amekasirika. "Fundi," akasema, "watu wa upande wa mume waja keshokutwa. Nyumba hutazamwa mlangoni. Kesho asubuhi ukwanguliwe, upakwe tena."

"Mama," akajibu fundi, "tukikwangua kesho, siku ya Ijumaa utakuwa na mlango mbichi wenye madoa makubwa kuliko haya, na kanzu za wakwe zako zitaondoka na buluu. Tukiuacha, utakuwa na mlango wenye makovu, lakini karibu wote utakuwa umekauka. Sisi tutarudi juma lijalo kuutengeneza, wala hatutadai malipo mengine. Na ile robo izuie mpaka siku hiyo."

"Basi nitatundika kanga pale palipoharibika."

"Kanga itashikamana na rangi, Mama, na nyuzi zake zitabaki humo."

Mama hakujibu. Akaingia ndani na taa yake, nao wakakusanya vyombo vyao gizani.

Siku ya Ijumaa kijana alikuwako mapema, amevaa kanzu safi. Mlango ule ulifunguliwa kwa ndani, na ulipofunguliwa, uso wake wa nje ulielekea ukumbini, hata kila aingiaye alipita karibu nao kwa bega. Fundi alikuwa amemwagiza asimame hapo awaepushe watu na kile kigongo. Basi kutwa nzima alisimama kando ya kazi yake mwenyewe, akisema, "Karibuni, karibuni. Tahadharini na rangi hapa." Wengi walipita wakicheka na kuzungumza, wasiutazame mlango hata kidogo. Mzee mmoja wa upande wa bwana arusi akasimama, akaitazama michirizi, kisha akamtazama yeye.

"Wewe ndiwe uliyeupaka?"

"Ndimi, mzee."

"Nawe ndiwe unayeulinda?"

"Ndimi, mzee."

Akatikisa kichwa, akapita. Jioni, kijana alipogeuka kupokea sinia, mtoto mdogo akabonyeza kigongo kwa kidole, akakimbia.

Siku ya 12 tangu rangi kupakwa, fundi na kijana walirudi na vifaa. Kwanza hawakukwangua, bali walipima. Fundi akabonyeza kila mchirizi kwa ukucha. Ile miwili ya kushoto, iliyokuwa myembamba, haikupokea alama yoyote. Lakini juu ya kigongo alama ya kidole cha yule mtoto ilikuwa bado yaonekana, na ukucha ulipobonyezwa kando yake ukazama. Kwa hiyo katika mlango mmoja michirizi mingine ilikuwa imefika wakati wa tatu, na mahali pengine bado ulikuwa wakati wa pili. Kalenda haikutosha kuamua, ilibidi kupima.

Michirizi iliyokauka walianza nayo. Mtu asiyejua hutwaa msasa papo hapo, akasugua kwa nguvu mpaka mchirizi uishe. Mchirizi huisha, lakini rangi nzuri iliyo pande zote mbili huisha pia, na pale palipokuwa na kilima huwa na bonde. Fundi alitumia bamba la chuma lenye makali mapya, akalilaza karibu sawa na uso wa ubao, akalipitisha polepole kutoka juu kwenda chini, likitoa maganda membamba ya rangi. Hakuchimba. Akaacha mchirizi ungali umeinuka kidogo sana, kama unene wa karatasi, ndipo akaomba msasa.

Kijana alimpa karatasi tupu ya msasa. Mzee akaizungushia kipande cha ubao kilichonyoka, akamrudishia. Sababu yake ni hii: msasa ukishikwa kwa vidole hufuata kilima na bonde, kwa kuwa vidole ni laini, lakini ukizungushiwa ubao hula kilima peke yake, maana bonde haulifikii. Wakaanza na msasa namba 120, kisha namba 240, ambao punje zake ni ndogo zaidi. Katika msasa, namba ikizidi, punje hupungua ukubwa. Huo wa pili ulikuwa wa kutumika na maji, nao wakauchovya katika maji yenye sabuni kidogo usizibe. Kila baada ya kitambo walifuta na kutazama. Mahali palipong'aa bado palikuwa bonde, kwa kuwa msasa haujapagusa. Palipofifia palikuwa pamesuguliwa. Uso wote ulipofifia sawasawa, kijana akaambiwa afumbe macho na kupitisha kiganja. Kiganja husikia kisichoonekana.

Kigongo kilitaka njia nyingine. Fundi alikikata chote kwa lile bamba, utando na majimaji yake, akafuta yaliyobaki kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, akakiacha kidonda wazi kipate hewa. "Hapa tutarudi baada ya siku tatu," akasema. Vitambaa vilivyotumika hakuvikunja wala kuvitupa kwa fungu, bali alivitandaza kimoja kimoja uani mpaka vikauke. Mafuta ya rangi yanapovuta oksijeni hutoa joto, na joto hilo likifungiwa ndani ya fungu la matambara huweza kuwasha moto pasipo kibiriti. Mwaka 1991 jengo la ghorofa 38 katika mji wa Philadelphia, Marekani, liliungua kwa matambara ya namna hiyo yenye mafuta ya kitani, na wazima moto 3 wakafa humo.

Waliporudi siku ya tatu kidonda kilikuwa kigumu. Kijana akaanza kusugua kwa msasa mkavu, kwa kuwa maji yalikuwa mbali. Kidogo kidogo buluu ikaisha, ikatokea rangi ya kijani, na chini ya kijani nyeupe, za watu waliokaa katika nyumba ile zamani. Fundi akamshika mkono. "Acha. Lete maji."

Kuna sababu ya haki ya kuziogopa rangi za zamani. Nyingi zilichanganywa na risasi, madini ambayo huipa rangi nguvu ya kufunika na kudumu, lakini ni sumu mwilini, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima, hasa katika ubongo. Jambo hilo halikujulikana upesi. Katika mji wa Brisbane, huko Australia, watoto walikuwa wakiugua maumivu ya tumbo na udhaifu wa mikono na miguu, na wengine wakapofuka. Mwaka 1904 daktari mmoja wa mji huo, John Lockhart Gibson, aliandika kwamba chanzo chake ni rangi za kuta na za vizuizi vya baraza. Jua liliigeuza rangi kuwa unga, unga ukashika vidoleni, na watoto wakavitia vidole vinywani. Marekani haikukataza rangi ya namna hiyo katika nyumba za watu mpaka mwaka 1978, na katika nchi nyingi iliuzwa hata baada ya hapo. Kwa macho haiwezekani kujua kama rangi ya zamani ina risasi. Basi mahali ambapo umri wa rangi haujulikani, isisuguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe kwa moto. Huloweshwa, husuguliwa polepole, tope lake hupokewa kwa gazeti au turubai, na sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio hurusha vumbi. Watoto huwekwa mbali. Fundi hunawa mikono kabla ya kula.

Maji yakaletwa, kazi ikaendelea. Pale ubao ulipokuwa wazi wakapaka rangi ya msingi, na ilipokauka wakajaza shimo kwa puti nyembamba, wakasugua tena kwa maji, wakapitisha rangi ya msingi juu ya puti. Kijana akauliza kama sasa wapake buluu juu ya vidonda peke yake, kwa kuwa katika kopo la pili rangi iliyobaki ilikuwa ndogo. Fundi akakataa. Rangi mpya huwa na mng'aro tofauti na ile ya majuma mawili, na kiraka huonekana toka njiani. Kila sehemu iliyoguswa hupakwa nzima, kutoka kiungo hata kiungo, ili mwisho wa rangi mpya uangukie mahali ambapo mbao mbili zakutana, na jicho lisiuone. Wakahesabu: vibao viwili vya juu na nakshi zake, na ule ubao wa kati. Rangi ilitosha, mradi ipakwe nyembamba.

Fundi akampa kijana brashi, yeye mwenyewe akaketi juu ya ndoo.

Kijana akachovya theluthi moja, akaigonga brashi ndani ya kopo kulia na kushoto, wala hakuikwaruza. Akaitandaza rangi juu na chini, kisha kwa upana, na mwisho akapitisha ncha peke yake kwa wepesi, kutoka chini kwenda juu. Katika pembe hakusukuma brashi iingie. Alianza pembeni akavuta nje. Alipomaliza kibao cha kwanza akatua brashi, akawasha tochi, akaishika ubavuni mwa mlango ili mwanga uteleze juu ya uso wake, maana mwanga wa mbele huficha na wa ubavuni hufunua. Hapakuwa na kitu. Akapaka kibao cha pili, akarudi kukitazama cha kwanza. Katika pembe ya chini, upande wa kushoto, rangi ilikuwa imejikusanya kiasi cha punje ya mtama. Akaikausha ncha ya brashi kwa kitambaa, akaigusa. Ikapanda.

Fundi aliona, lakini hakusema kitu.

Jioni mama alitoka kutazama, mikono yake nyuma asije akaigusa rangi. Aliuliza itakauka lini, akaambiwa kwamba kesho itaguswa kwa wepesi, lakini isifuliwe wala kusuguliwa kwa muda wa majuma mawili. Siku ya pili yake, asubuhi, alipitisha kiganja chake juu ya vibao na juu ya ubao wa kati. Kisha akaingia ndani, akaleta ile robo, akamhesabia fundi, naye akatenga fungu la kijana akamwita aje alipokee.

Kijana hakuja upesi. Alikuwa amelala chali kizingitini na tochi yake, akiumulika ukingo wa chini wa mlango, mahali ambapo tone likikauka bila kuonekana mlango hukwaruza sakafu.